Fizikia uliyoitupa Kidato cha Tatu bado inakudai kila siku

Katika mfumo wa 8-4-4, wanafunzi wengi waliagana na fizikia pindi tu walipofika Kidato cha Tatu. Ukiruhusiwa kuchagua, unabaki na baiolojia na kemia, fizikia unawaachia wale wasee wanaotaka kuwa mainjinia. Ilionekana ni somo la troli zinazoteremka mbao na mawe yanayotupwa kutoka juu ya minara. Nani aliwahi kupanda mnara kutupa jiwe?

Shida ni kwamba somo lenyewe halikukubali kuachwa. Limekufuata hadi keja. Liko ndani ya mtungi wa gesi unaoisha kabla ya mwisho wa mwezi, kwenye meseji ya tokeni, juu ya boda unayopanda ukichelewa kazini, na kwenye jiko la makaa ambalo jirani ameliingiza chumbani kwa sababu ya baridi ya Julai. Huko hakuna mwalimu wa kukupa alama za huruma. Ukikosea hesabu, unalipa kwa pesa. Wakati mwingine unalipa kwa mwili.

Habari njema ni kwamba hesabu zenyewe ni za kuzidisha na kugawanya tu. Simu yako ina kikokotoo. Twende moja baada ya nyingine, tukianza na zile za mfuko na kumalizia na zile za roho.

Githeri haitishwi na moto mkali

Umeinjika githeri. Maji yameanza kutokota lakini mahindi bado ni mawe, na njaa inauma. Wengi hapa hufungulia gesi hadi mwisho, moto ukaunguruma, wakiamini kelele ndiyo kasi.

Ukweli ni kwamba maji yakishaanza kuchemka, joto lake halipandi tena. Yatabaki hapo hapo hata ukiyawashia moto wa kuyeyusha chuma. Githeri ndani ya sufuria haijui kama maji yanachemka kwa upole au kwa vurugu, kwa sababu joto ni lile lile. Moto wa ziada una kazi moja tu, kugeuza maji yawe mvuke.

Na mvuke ni ghali, buda. Kuchukua lita moja ya maji ya digrii 20 hadi ichemke hapa Nairobi kunahitaji kilojuli kama 310. Kuigeuza lita hiyo hiyo yote iwe mvuke kunahitaji kilojuli nyingine kama 2,260, yaani zaidi ya mara saba. Mtungi wa gesi wa kilo 6 una takriban megajuli 276. Tukikadiria kwamba nusu ya joto hilo ndiyo inaingia kwenye sufuria na nusu inapotelea hewani, basi kila lita ya maji inayopaa dirishani ni karibu sehemu moja kati ya 60 ya mtungi wako. Ukiongeza maji kwenye githeri mara tatu, nusu lita kila mara, tayari umechoma zaidi ya hapo bila kuivisha punje hata moja.

Dawa yake ni rahisi. Ikishachemka, funika sufuria na uteremshe moto hadi uone vipovu vichache tu. Itaiva kwa muda ule ule.

Kuna jambo lingine ambalo mtu wa Mombasa akija Nairobi hulishangaa. Maharagwe yale yale, maji yale yale, lakini huku yanachukua muda mrefu zaidi. Si mbegu mbaya. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na kadiri unavyopanda, hewa inayoyakandamiza maji inakuwa nyepesi, kwa hivyo maji yanapata nafasi ya kuchemka mapema. Kwa kila mita 300 hivi unazopanda, kiwango cha kuchemka kinashuka kwa digrii moja. Mombasa ni digrii 100. Nairobi ni kama 94. Nyahururu, iliyo zaidi ya mita 2,300, ni kama 92. Yaani wakazi wa huko wanapika kwa maji ambayo yanachemka lakini hayajapata moto wa kutosha.

Ndiyo maana sufuria ya presha ni mali hasa kwa sisi wa nyanda za juu. Inafungia mvuke ndani, presha inapanda, na maji yanafika digrii 115 na zaidi kabla ya kuchemka. Lakini ndiyo maana pia hufai kuilazimisha ifunguke kabla haijapumua. Maji yale yamepita kiwango chao cha kuchemka, na ukiondoa kifuniko ghafla, sehemu yake inalipuka kuwa mvuke usoni mwako.

Huna pesa ya sufuria ya presha? Tumia kikapu. Maharagwe yaliyolowekwa usiku mzima, yachemshe kwa nguvu angalau dakika 10 (maharagwe mekundu yakichemshwa nusunusu huumiza tumbo vibaya), kisha toa sufuria ikiwa imefunikwa, iweke ndani ya kikapu kilichojazwa nguo kuukuu au blanketi, ufunike vizuri. Joto linakosa pa kutokea, na chakula kinaendelea kuiva bila gesi. Akina mama mashinani wanakijua kikapu hiki kitambo. Unapofunua baada ya saa kadhaa, kirudishe chakula kwenye moto kichemke tena kabla ya kula.

Mwizi wa tokeni si chaja

Nyumba wanayokaa watu watatu haikosi kesi ya stima. Tokeni zimeisha, kila mtu anamwangalia yule aliyeacha chaja kwenye soketi. Kabla hamjatukanana, pigeni hesabu.

Yuniti moja ya tokeni ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Basi. Chukua wati zilizoandikwa nyuma ya kifaa, zidisha kwa saa ulizokitumia, gawanya kwa 1,000. Jibu ni yuniti. Bei ya yuniti hubadilika mwezi kwa mwezi, kwa hivyo tumia meseji yako ya mwisho: gawanya pesa ulizotuma kwa yuniti ulizopata.

Sasa tupime washukiwa. Simu yenye betri ya 5,000 mAh inachukua takriban wati 25 kwa saa kujaa, ukihesabu na zinazopotea kwenye chaja. Hiyo ni yuniti 0.025. Yuniti moja inajaza simu mara 40. Chaja iliyoachwa kwenye soketi bila simu? Chaja ya kisasa hula chini ya nusu wati, kwa hivyo hata ikikaa hapo mwezi mzima haifikishi nusu yuniti. Balbu ya LED ya wati 9 inakaa zaidi ya saa 110 kwa yuniti moja. Televisheni ya inchi 32 inayotumia wati 50 inakupa saa 20, mechi kumi nzima.

Sasa mwite yule anayechemsha maji ya kuoga kwa koili. Ndoo ya lita 20, kutoka digrii 20 hadi 45, inahitaji kilojuli 2,100. Gawanya kwa 3,600, unapata karibu yuniti 0.6. Ndoo moja tu! Hiyo ni sawa na kuchaji simu kila siku kwa wiki tatu na siku kadhaa. Anayeoga maji moto asubuhi na jioni anakula zaidi ya yuniti moja kwa siku huku akiwakemea wenzake kuhusu chaja.

Kanuni ya kukariri ni hii: chochote kinachotengeneza joto ndicho kinachokula. Koili, birika la stima, pasi, shawa, kijiko cha umeme. Vinavyotoa mwanga na sauti ni vya kunusanusa tu. Ukitaka kupunguza matumizi, piga pasi nguo za wiki nzima kwa mara moja badala ya kuipasha upya kila asubuhi, chemsha maji ya vikombe unavyokunywa badala ya kujaza birika, na changanya maji ya kuoga kwa kiasi. Ndoo ya lita 10 ikitosha, umekata nusu ya gharama hapo hapo. Na koili ikiwa ndani ya ndoo, usitie kidole kupima kama yamepata moto. Zima kwanza, chomoa, kisha pima.

Kwa nini shawa ya juu inakulilia

Unatafuta keja. Mwenye ploti anakuonyesha ghorofa ya mwisho, ina hewa safi na mandhari ya mji. Shawa ya umeme ipo. Unalipa deposti. Asubuhi ya kwanza unafungua mfereji na maji yanadondoka kama machozi, na shawa haiwaki kabisa.

Presha ya maji kwenye ploti nyingi inatoka kwa tangi lililo juu ya paa, na presha hiyo inategemea kitu kimoja, kimo cha maji juu ya mfereji wako. Ukubwa wa tangi hauna neno. Tangi la lita 10,000 na la lita 1,000, maji yakiwa kwenye kimo kimoja, yanatoa presha moja. Kila mita ya kimo inakupa sehemu moja ya kumi ya baa. Anayeishi chini kabisa akiwa na mita 15 za maji juu yake anapata baa moja na nusu. Wewe uliye chini tu ya tangi, mita mbili, unapata sehemu mbili za kumi. Maji ni yale yale, kodi pengine ni ile ile, lakini yeye ana presha zaidi ya mara saba.

Shawa nyingi za umeme zina utando ndani unaosukumwa na maji ndipo stima iwake, ili koili isiungue ikiwa kavu. Presha ikiwa kidogo, utando hausogei. Kwa hivyo fundi akikuuzia shawa mpya, umepoteza pesa kama shida ilikuwa kimo. Mwombe mwenye ploti ainue tangi. Kutoka mita mbili hadi nne tu, presha yako inakuwa maradufu. Au aweke pampu. Na kabla ya kutoa deposti popote, fungua mfereji wa bafuni kwanza, asubuhi ambapo wapangaji wote wanaoga. Mandhari utayaangalia baadaye.

Kuna na lile swali la kwa nini maji yanakuwa moto zaidi ukifunga mfereji kidogo. Shawa ya wati 5,000 inatoa joto lile lile kila dakika. Maji yakipita lita 5 kwa dakika, yanapanda digrii 14 tu. Ukipunguza hadi lita 3, yanapanda digrii karibu 24. Na usisahau, kila dakika 12 chini ya shawa hiyo ni yuniti moja kamili.

Dakika tatu za boda

Hapa sasa tunaacha mambo ya shilingi.

Umechelewa. Umepanda boda, safari ya kilomita 6. Unamwambia mwendeshaji, "Kanyaga, mkubwa." Anatoka kilomita 40 kwa saa anaenda 60. Umeokoa nini? Kwa 40 mngetumia dakika 9. Kwa 60 mnatumia 6. Umepata dakika tatu, tena hapo ni kama barabara haina foleni wala matuta.

Umelipa nini? Nguvu iliyo ndani ya kitu kinachokwenda hukua kwa mwendo mara mwendo. Mwendo ukiongezeka mara moja na nusu, nguvu hiyo inakuwa mara mbili na robo. Mwendo ukiwa mara mbili, inakuwa mara nne. Mwili wako hauwezi kujadiliana na hesabu hiyo.

Njia nyepesi ya kuiona ni kujiuliza ungeanguka kutoka wapi ili utue chini na mwendo huo. Kilomita 40 kwa saa ni sawa na kuanguka mita 6, yaani ghorofa ya pili. Kilomita 60 ni mita 14, karibu ghorofa ya tano. Kilomita 80 ni mita 25, ghorofa ya nane. Hakuna mtu anayekaa kwenye ukingo wa ghorofa ya nane akipekua simu, lakini watu hukaa nyuma ya boda ya kilomita 80 kwa saa bila helmeti, wakijibu meseji.

Tuangalie breki. Mtu akiona hatari, inapita kama sekunde moja na nusu kabla mkono na mguu havijafanya kazi. Kisha ndipo pikipiki inaanza kupunguza mwendo. Kwa lami kavu na breki nzuri, kwa kilomita 40 kwa saa unahitaji karibu mita 27 hadi usimame. Kwa 60, mita 48. Kwa 80, mita 74. Mvua ikinyesha na mshiko wa tairi ukashuka kwa nusu, ile 48 inakuwa 71. Matone ya kwanza ya mvua ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu yanachanganyika na oili na vumbi lililokaa barabarani. Na mwendeshaji akiangalia simu kwa sekunde tatu tu akiwa kwa 60, mmesafiri mita 50 bila dereva. Hiyo ni nusu ya uwanja wa mpira.

Helmeti inasaidiaje? Kinachoua ni kusimama ghafla. Kichwa kikigonga lami kinasimama ndani ya milimita chache. Ile sponji ngumu ndani ya helmeti inabonyea polepole, na kichwa kinapata sentimita mbili au tatu za kusimamia. Ukirefusha umbali wa kusimama mara kumi, nguvu inayofika kwenye ubongo inapungua mara kumi. Ganda la nje pekee halitoshi. Helmeti isiyo na sponji ni bakuli tu. Na ambayo haijafungwa mkanda huruka kabla yako. Kama imewahi kugonga chini kwa nguvu, sponji ilishabonyea, haina kazi tena hata kama kwa nje inang'aa.

Sema "punguza". Mwendeshaji wengi husikia, hasa ukiongeza, "Sina haraka, nitakulipa ile ile."

Mtoto wa kupakatwa

Mwaka wa 2004, sheria za aliyekuwa waziri wa uchukuzi, John Michuki, zilipoanza kutekelezwa, matatu zililazimishwa kufunga mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Watu walilalamika kuhusu mikanda michafu inayochafua shati. Miaka mingi imepita, mikanda mingi imebaki pambo, na lalamiko ni lile lile.

Mkanda una kazi gani? Gari likisimama ghafla, wewe husimami nalo. Unaendelea mbele kwa mwendo ule ule hadi kitu kikuzuie. Kitu hicho ni mkanda, au ni chuma cha kiti cha mbele, au ni kioo.

Sasa mfikirie mama aliyepakata mtoto wa kilo 10. Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, linagonga, na kila kitu kinasimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kumzuia mtoto huyo kunahitaji nguvu sawa na kubeba kilo 140. Ni kama kuinua karibu magunia matatu ya kilo 50 kwa mikono miwili, ghafla, bila kuambiwa. Hakuna mapenzi ya mama yanayoweza. Na mtu mzima akifunga mkanda mmoja kuzunguka yeye na mtoto, uzito wake mwenyewe unambana mtoto dhidi ya mkanda.

Mtoto mwenye uwezo wa kuketi akae kiti chake na mkanda wake, hata kama utalipia kiti hicho. Kwa yule mchanga, keti nyuma ya kiti kingine badala ya kiti cha mbele kando ya dereva, na uchague gari lisilokimbizana na mengine. Fizikia haitakupa njia ya mkato hapo, itakwambia tu kwamba silaha kubwa zaidi ni mwendo mdogo.

Maji ya magotini

Aprili na Mei 2024, Nairobi ilipofurika, Mathare na Mukuru ziliumia vibaya na watu walisombwa. Kila msimu wa mvua tunaona video za mtu anayejaribu kuvuka, na mashabiki pembeni wakimwambia, "Enda tu, ni ya magoti!"

Magoti si kipimo. Kipimo ni mwendo wa maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, na mita moja ya ujazo ni tani nzima. Maji yanayofika magotini yakienda mita moja kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anayetembea polepole, yanasukuma miguu yako kama uzito wa kilo 7 hivi. Unaweza kuvumilia. Yakienda mita mbili kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, msukumo unakuwa karibu kilo 27. Ile ile hesabu ya mwendo mara mwendo. Na unasukumwa hivyo ukiwa umesimama kwa mguu mmoja, maana huwezi kuvuka bila kuinua mwingine, chini kuna matope, na hujui mtaro uko wapi.

Gari nalo? Gari dogo lina uzito wa kama tani moja, na tumbo lake liko sentimita 15 kutoka chini. Maji yakifika sentimita 30, yameshalizamia gari kwa sentimita 15. Zidisha na eneo la chini la gari, mita 5 za mraba hivi, unapata maji yenye uzito wa kilo 750 yanayolisukuma juu kabla hayajapenya ndani. Tairi zimebaki na robo tu ya uzito wa kushikia barabara. Kwa nje gari bado linaonekana limesimama imara. Maji kidogo ya pembeni yanatosha kuliteremsha mtoni. Sentimita 30 ni urefu wa rula ya shuleni.

Kwa hivyo kabla ya kuvuka, tupa kijiti ndani ya maji. Kikikuzidi mwendo wa kutembea, rudi. Chelewa. Lala kwa rafiki. Mkubwa kazini atanuna, lakini atakuona kesho.

Jiko si hita

Tumefika Juni, Julai, Agosti. Baridi ya Nairobi inaingia kwenye mifupa. Ndani ya chumba kimoja cha mabati, jiko la makaa lililomaliza kupika ugali linaonekana kama baraka. Mlango unafungwa, nguo zinaziba nyufa, watu wanalala. Wengine hawaamki.

Makaa yakiungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Inashika damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika, kwa hivyo hata ikiwa kidogo hewani inaendelea kukalia nafasi za oksijeni mwilini hadi ubongo unapozimika. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu. Aliyelala hazisikii.

Mitaani kuna imani mbili ambazo zimezika watu. Ya kwanza ni kwamba makaa yakiwa mekundu kabisa, bila moshi, hayana sumu. Si kweli. Moshi unaouona na gesi hii ni vitu viwili tofauti, na makaa mekundu yanaendelea kuitoa hadi yazimike. Ya pili ni kwamba ukiweka sufuria ya maji kando ya jiko, maji yatainyonya. Maji hayainyonyi kwa kiasi chochote cha kukuokoa. Utakufa na maji yako kando.

Basi tupate joto vipi? Kwanza, jua kwamba wewe mwenyewe ni hita. Mtu aliyelala hutoa joto la kama wati 80. Kazi ni kulizuia lisikutoroke. Kinachozuia joto ni hewa iliyotulia, kwa hivyo shuka mbili nyepesi na blanketi, zikiwa na hewa katikati, zinaweza kushinda blanketi moja zito. Vaa soksi na kofia. Pili, zuia chini. Sakafu ya simiti na zulia vina joto sawa ndani ya chumba kimoja, lakini simiti hunyonya joto la mwili haraka zaidi, ndiyo maana mguu unashtuka. Kama godoro liko chini, tandika katoni kadhaa chini yake. Katoni zina hewa ndani na dukani unapewa bure. Tatu, chupa ya mpira ya maji moto, iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa taulo. Lita mbili za digrii 60 zinapopoa hadi 35 zinakuachia kilojuli 210, karibu sawa na joto ambalo mwili wako hutoa kwa dakika 45, tena linakuja pale pale miguuni unapolitaka.

Jiko libaki nje. Ukimkuta mtu amelegea kwenye chumba chenye jiko, fungua mlango na dirisha, mtoe nje kwenye hewa, mkimbize hospitali hata akisema amepata nafuu.

Anza leo usiku

Huhitaji kurudi darasani wala kununua kitabu. Leo usiku kabla ya kulala, andika namba ya mita ya stima. Andika tena asubuhi kabla mtu hajaoga, na tena baada ya kila mtu kuoga. Kesi ya chaja itaisha hapo. Kesho ukipanda boda, hesabu mita kati yenu na gari la mbele, ujiulize kama zinafika 27. Ukifungua gesi, angalia kama sufuria imefunikwa.

Na kama kuna jirani unayejua hulala na jiko ndani kwa sababu ya mtoto mchanga, mgongee mlango jioni hii. Mpelekee katoni. Mweleze ile habari ya sufuria ya maji. Usingoje akuulize.